Neno "Light" na Burudani Isiyolemea

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wanafunzi yako mengine mafupi, yaonekanayo kuwa rahisi kabisa, kumbe ndiyo yenye kutega. Mojawapo ni neno "light". Mwanafunzi wa Mwanza au wa Ukerewe hulijua mapema, maana hufundishwa ya kwamba ni nuru: nuru ya jua, ya mwezi na ya taa. Kisha siku moja hukutana na maneno "light music" au "light reading", naye hufasiri "muziki wa nuru" na "kusoma kwa taa". Mwenzake aliyeendelea zaidi huona kosa hilo, akacheka, na yeye akafasiri "muziki wa bure" na "kusoma upuuzi".

Wote wawili wamekosea, walakini kosa la yule wa pili ni kubwa zaidi. Wa kwanza amekosa neno tu, na kamusi itamsahihisha. Wa pili amekosa jambo lenyewe. Amejifunza kudharau kitu kisichostahili dharau, wala kamusi haitamponya. Kwa hiyo katika mazungumzo haya twataka kueleza maana ya neno hili, jinsi Waingereza wanavyolitumia juu ya muziki, michezo na vitabu vya kufurahisha, na jinsi sisi tuwezavyo kulieleza kwa Kiswahili bila kulipunguzia heshima yake wala kuliongezea.

Kwanza yafaa tujue ya kwamba "light" si neno moja. Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti na kwa maandiko, kama tulivyo na kaa la moto, kaa wa majini, na kaa la kumwambia mtu aketi. Hakuna aonaye ajabu kwamba yote matatu husemwa sawasawa, kwa sababu tumeyazoea. Katika Kiingereza neno moja la "light" maana yake ni nuru. La pili ni wepesi, yaani kinyume cha uzito, na asili yake ni nyingine kabisa.

Neno hili la pili ni ndugu wa neno "lung", ambalo maana yake ni pafu. Wachinjaji wa Uingereza huyaita mapafu ya mnyama "lights", wala si kwa kuwa yana nuru, bali kwa kuwa ni mepesi kuliko nyama nyingine. Aliyewahi kusaidia kuchinja ng'ombe aweza kulithibitisha jambo hilo mwenyewe: kipande cha ini kikitiwa majini huzama, bali kipande cha pafu huelea.

Tena katika bandari kipo chombo kiitwacho kwa Kiingereza "lighter", nasi twakiita tishari. Mwanafunzi akifikiri kwamba ni chombo chenye taa, atakuwa amepotea. Tishari huitwa hivyo kwa sababu husogea kando ya meli, likapokea shehena na kuipunguzia meli uzito. Mfano huu twaomba msomaji auweke akilini, maana utatufaa mbele: chombo kimepata jina lake kwa kuwa humpunguzia mwingine mzigo.

Basi neno hili la wepesi hutumiwa kwa mambo mengi, wala si kila mara hufasiriwa kwa neno "-epesi". "Light load" ni mzigo mwepesi, na hapo hapana taabu. "Light work" ni kazi nyepesi. Lakini "light rain" si mvua nyepesi, bali ni manyunyu. Na "light wind" ni upepo mwanana, ule autakao mvuvi arudipo pwani na mtumbwi uliojaa samaki. "Light meal" ni chakula kidogo kisichoshindilia tumbo. "Light sleeper" ni mtu mwepesi wa kuamka. Mtu aliyeshikwa na kizunguzungu huitwa "light-headed", na mdokozi wa vitu vya watu huitwa "light-fingered", kana kwamba vidole vyake ni vyepesi mno kukaa mahali pake. Kwa mifano hii twaona ya kwamba mfasiri mwema hatafuti neno lifananalo. Hutafuta lile ambalo watu wa kwake wangelisema mbele ya jambo lile lile.

Sasa tufike kwenye burudani. Mwingereza akisema "light music", "light reading" au "light comedy", asema juu ya kitu kisichomlemea asikiaye au asomaye. Hahitaji kukunja uso wala kushika kalamu. Aweza kusikiliza huku akipika, au kusoma jioni baada ya kazi, na akiacha katikati, hakuna kilichoharibika. Hiyo ndiyo maana yake. Neno halisemi ya kwamba kitu hicho ni kibaya, wala halisemi ya kwamba ni cha bure, wala halisemi ya kwamba aliyekitunga alikitunga kwa uvivu. Lasema juu ya mzigo wa msikilizaji tu.

Ushahidi mzuri twaupata katika historia ya utangazaji. Tarehe 29 Julai 1945, vita kuu ya pili ilipokwisha Ulaya, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha idhaa iliyoitwa "Light Programme". Ilikuwa na muziki wa kucheza, michezo ya kuchekesha na hadithi za kuendelea. Kando yake ilikuwako idhaa iliyoitwa "Home Service", na mwaka 1946 ikaongezwa ya tatu, "Third Programme", iliyokuwa na muziki mkubwa na mazungumzo ya wataalamu. Jina la "Light Programme" lilitumika mpaka mwaka 1967. Mtu angewezaje kudhani ya kwamba shirika lile liliipa idhaa yake jina la "Idhaa ya Upuuzi"? Lilimwambia msikilizaji jambo moja tu: hapa hutatwishwa mzigo.

Katika idhaa hiyo kilikuwamo kipindi kilichoanza zamani zaidi, mwezi wa Juni 1940, wakati wa vita. Jina lake lilikuwa "Music While You Work", yaani muziki wa kusikilizwa kazini. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitengeneza silaha na vifaa usiku na mchana, na wafanyakazi walichoka. Ikaonekana ya kwamba nusu saa ya muziki, asubuhi na alasiri, yaweza kuwasaidia kuendelea. Muziki ule ulichaguliwa kwa uangalifu mwingi. Haukutakiwa uwe wa polepole wa kuleta usingizi, wala wa kuvuta akili hata mtu asahau mashine iliyo mbele yake. Wimbo mmoja wa Marekani wenye mahali pa kupiga makofi ulizuiwa, kwa sababu wafanyakazi waliacha kazi ili kugonga mashine kwa vyombo vyao. Tazameni basi: muziki ulioitwa mwepesi ulikuwa na wazee wa kuupima, na sheria zake, na kazi yake katika vita.

Mtu wa Usukuma akisikia habari hii hatashangaa, kwa kuwa babu zake walijua jambo hilo kabla ya kuwako redio. Katika karne ya 19 vijana Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani pamoja na misafara, kila mpagazi akichukua ratili 60 au 70, yaani karibu kilo 30, kwa safari ya miezi. Waliimba njiani. Wimbo haukupunguza hata ratili moja ya pembe au ya nguo, lakini ulipunguza uzito wake kichwani mwa mchukuzi.

Vivyo hivyo katika kilimo. Vijana wa Kisukuma waliungana katika vikundi vya kulima, chini ya kiongozi wao aitwaye nsumba ntale, wakalimia majirani kwa zamu au kwa malipo. Kilimo cha pamba kilipoenea katika nchi hii katika karne ya 20, mashamba yakawa makubwa na vikundi hivyo vikawa na kazi nyingi. Ngoma ilipigwa kando ya shamba, majembe yakapanda na kushuka pamoja, na mwimbaji akatoa maneno ya kusifu na ya kuchekesha. Katika kazi hiyo ndimo ilimotoka bugobogobo, ngoma ambayo wachezaji wake hurusha majembe hewani, wakayazungusha na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Mgeni aionaye uwanjani husema, "Ni mchezo wa kufurahisha." Asema kweli, lakini hajui ya kwamba jembe lile halikuletwa uwanjani ili lipambe mchezo. Mchezo ndio ulioletwa shambani ili ulisaidie jembe.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha maneno yetu. Jambo jepesi kwa atazamaye huwa mara nyingi zito kwa atendaye. Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Anayemtazama mwenziwe akichukua mzigo huuona kama sufi, aliye chini ya mzigo ndiye ajuaye shingo yake.

Twaweza kulipima jambo hili kwa mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Mashindano hayo hufanywa baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, watu wawapo na nafasi na chakula. Tangu zamani wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo kwa masimulizi ya Wasukuma vilianzishwa na waganga wawili walioshindana katika karne ya 19, Ngika na Gumha. Pande mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Hakuna mwamuzi mwenye karatasi. Miguu ya watu ndiyo ihukumuyo.

Fikirini basi uzito wa jambo hilo kwa mtungaji. Huwatungia watu nyimbo mpya, kwa kuwa za mwaka jana hazitawazuia wasiondoke. Wachezaji hujizoeza muda mrefu. Kiongozi hutafuta dawa za kuvuta watu, tena huogopa dawa za mpinzani wake. Wengine hucheza na nyoka. Jina la kijiji zima li mikononi mwao. Naye mtazamaji, aliyekuja na watoto wake, hucheka, husogea huku na huku, na jioni hurudi nyumbani mwili umechangamka. Kwake siku ile ilikuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi kwa sababu wengine waliubeba uzito wake. Ndivyo afanyavyo tishari kwa meli.

Sasa twaweza kuuliza: Kiswahili chasemaje? Neno letu kubwa ni burudani, na asili yake yatufundisha. Burudani, burudi na burudisha yametoka katika Kiarabu, katika shina moja na neno baridi. Mwingereza, akisema juu ya kitu cha kufurahisha, hufikiri mzigo, akakiita chepesi. Mswahili hufikiri jua na jasho, akakiita cha kupoza. Mmoja asema kimenitua, wa pili asema kimenipoza. Mtu aliyelima tangu alfajiri ataona ya kwamba wote wawili wasema habari za mtu mmoja, naye ni mtu aliyechoka kwa haki.

Kwa hiyo "light music" twaweza kufasiri muziki wa kuburudisha. "Light reading" ni vitabu vya kujiburudisha. "Light comedy" ni mchezo wa kuchekesha. Na mtu aitwaye "light-hearted" ni mchangamfu, mwenye moyo mkunjufu. Tusiseme "mtu wa moyo mwepesi" bila kufikiri, maana msikilizaji aweza kudhani ni mwepesi wa kukasirika au wa kukata tamaa. Kadhalika mwanafunzi asiandike kwa Kiingereza, akitaka kuisifu ngoma ya kwao, ya kwamba ni "light", bila kueleza zaidi. Msomaji Mwingereza atafahamu ya kwamba ni jambo dogo la kupitisha wakati, na bidii yote ya wachezaji itakuwa imefutwa kwa neno moja. Na aseme kwamba yawafurahisha watazamaji na kwamba wachezaji wake ni mafundi. Hapo atakuwa ameisema kweli yote.

Tena tusidhani ya kwamba kitu chenye namna nyepesi hakiwezi kuchukua jambo zito. Tukitoka ziwani twende pwani tutamkuta Siti binti Saad wa Unguja, mwimbaji wa taarabu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Watu walikaa usiku kumsikiliza kwa raha. Walakini mmoja wa nyimbo zake mashuhuri, uitwao "Kijiti", wasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na jinsi haki ilivyopotoka baadaye. Waliousikia waliburudika kwa sauti, wakaenda nyumbani na swali moyoni. Kapu lilikuwa jepesi, kilichomo hakikuwa chepesi.

Baada ya kusema hayo yote, hapana budi kuonyesha mpaka. Waingereza wanao msemo "to make light of", maana yake kulipuuza jambo, kulifanya dogo wakati si dogo. Msemo huo ni wa lawama. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Hakuna mtu wa pwani ya ziwa hili awezaye kuitia habari hiyo katika mizaha ya jioni. Na akifanya hivyo, Mwingereza atasema kwamba ame-"make light of" msiba, nasi tutasema amekosa utu. Ni kweli ya kwamba kwetu watani huruhusiwa kufanya mzaha hata penye kilio. Lakini mtani hafanyi mzaha kwa kupuuza msiba. Hufanya kwa haki aliyo nayo, na kwa mipaka ijulikanayo, huku akisaidia kazi za mazishi. Mzaha wake huwainua waliolemewa. Mzaha wa mpuuzi huwaongezea mzigo.

Basi kipimo tumekipata, nacho ni chepesi kukumbuka. Tuonapo jambo la kufurahisha, liwe la redio, la kitabu au la uwanja wa ngoma, tuulize: je, limemtua mtu mzigo, au limemwongezea? Mchezo wa kuchekesha uwachekao maskini na vilema kwa umaskini wao na ulemavu wao si mwepesi, hata kama watu wacheka. Mzigo wake umewekwa juu ya kichwa cha mtu mwingine. Na wimbo wa palizi, hata kama hauna elimu ndani yake, si upuuzi, kwa kuwa umesaidia shamba kwisha.

Kwa wazazi na walimu tungependa kusema neno moja zaidi. Mtoto akionekana na kitabu cha hadithi, wengi humwambia, "Weka hicho, soma kitabu cha mtihani." Wafikiri ya kwamba kusoma kwepesi huharibu kusoma kuzito. Sisi tuonavyo ni kinyume chake. Mtoto asomaye hadithi kwa raha huzoea maneno, huzoea mwendo wa sentensi, wala haogopi ukurasa mrefu. Siku atakapopewa kitabu kigumu, macho yake yatakuwa yamekwisha kupata nguvu. Asiyepata kusoma kwa raha hata mara moja hukiona kila kitabu kuwa mzigo, naye siku ya mwisho ya mtihani huutua, asiuinue tena maisha yake yote. Hilo ndilo hasara kwelikweli. Lakini pia tusimwache mtoto na hadithi tu, maana ngoma ikivuma sana hupasuka, na starehe isiyo na kazi nyuma yake haimpozi mtu, kwa kuwa hakuwa na joto.

Mwisho, kwa wanafunzi wanaotaka kujizoeza, twatoa kazi hii. Fasirini kwa Kiswahili kizuri maneno haya, kila moja ndani ya sentensi ya mambo ya kwenu: "light rain", "light reading", "light sleeper", "light load", "to make light of". Kisha chagueni wimbo mmoja wa kazi unaoimbwa katika kijiji chenu, wa kulima, wa kutwanga, wa kupiga kasia au wa kuvuta nyavu, mkamwulize mzee aujuaye: uliimbwa lini, na nani, na ulisaidia kazi gani? Andikeni majibu yake kama alivyoyasema. Mkimaliza mtakuwa mmejifunza neno la Kiingereza, na pamoja nalo mtakuwa mmeuandika wimbo ambao haujaandikwa.